Spanieli yupi wa kuwinda ndege na kukaa na watoto? Hatua kwa hatua kwa anayeanza

Kila mwaka mahindi ya hapa Minnesota yakianza kukauka, simu yangu haipumziki. Leo Mkenya wa Rochester, kesho Mtanzania wa St. Cloud, keshokutwa Mkongo wa kule Fargo. Wote wameambiwa na wenzao wa kazini kwamba msimu wa fezanti unakaribia, na wote wana swali moja: "Kaka, ninunue mbwa gani? Mama watoto amesema mbwa mkali haingii ndani." Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka koo likakauka. Sasa nimeandika, atakayeuliza nitamtumia hii.

Kwa asiyemjua, fezanti ni ndege wa ukoo mmoja na kuku na kwale. Aliletwa jimbo la Oregon kutoka China mwaka 1881, akazaana, na leo ndiye ndege rasmi wa South Dakota. Jogoo wake ana kichwa cha kijani kinachong'aa na pete nyeupe shingoni. Kuruka hapendi. Akisikia hatua zako anachomoka kwa miguu chini ya nyasi, kama kwale wa kule nyumbani kwenye shamba la mihogo, na wewe unabaki unapiga majani kwa buti. Hapo ndipo spanieli, jamii ya mbwa wa kuwinda wenye masikio yaliyolala, anapoingia kazini: anajipenyeza kichakani, anafuata harufu, anamrusha ndege hewani, ukimpiga anakwenda kumwokota na kukuletea mkononi bila kumtafuna.

Nadharia ninayotaka uibebe ni moja tu. Spanieli hasimami kukuonyesha ndege alipo, anamfurusha palepale. Kwa hiyo lazima afanye kazi karibu nawe, mita 20 hadi 30, la sivyo ndege ataruka nje ya uwezo wa marisau yako. Mbwa wa kusimama na kuonyesha ni jamii nyingine. Ukiona Brittany, ambaye zamani aliitwa spanieli pia, jua huyo ni wa kusimama. Hapa Marekani neno spanieli liliondolewa kwenye jina lake mwaka 1982.

Kabla hujatafuta mbwa, uwe na haya

Ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kama umepanga. Watu wamelazimika kurudisha mbwa baada ya wiki mbili kwa sababu ya kipengele kwenye mkataba ambacho hawakukisoma.

Leseni ya kuwinda wanyama wadogo. Minnesota, aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 hauziwi leseni bila cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha. Utahitaji pia vazi la rangi ya chungwa kali kuanzia kiunoni kwenda juu. Na kama uko hapa kwa viza ya muda, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujashika bunduki, hata ya kuazima, hata kwa dakika moja ya kupigwa picha. Sheria ya serikali kuu kuhusu jambo hilo ni kali na ina masharti yake.

Muda: saa nzima ya kumkimbiza kila siku, pamoja na zile siku za Januari ambazo hata pua yako inaganda.

Fedha. Mtoto wa mbwa mwenye damu ya kazi na wazazi waliopimwa huanzia kama dola 1,000, na 2,000 si bei ya kushangaza. Halafu zije chanjo, dawa ya kupe, dawa ya minyoo ya moyo, chakula. Mwaka wa kwanza unaweza kula fedha kuliko bei yenyewe ya mbwa.

Daktari wa mifugo wa karibu. Mpigie kabla, si baada.

Hatua ya 1: Hesabu siku zako

Chukua kalamu. Mwaka ukiwa mzuri, mimi huingia porini siku 15. Wewe mwenye zamu za usiku na watoto watatu huenda ukapata 8. Siku zote zilizobaki, zaidi ya 350, mbwa huyo yuko sebuleni kwako, anapanda kochi, anapokea wageni, anaangushwa juisi kichwani na mtoto wa miaka minne. Kwa hiyo unatafuta mbwa wa nyumbani anayejua kuwinda, na mpangilio wa maneno hayo una maana. Wengi wanachagua kwa kufikiria Jumamosi ya Oktoba. Wewe chagua kwa kufikiria Jumanne ya Februari.

Hatua ya 2: Kaa kikao na wa nyumbani

Sisi wengi tumekulia mahali ambapo mbwa anaitwa Simba, analala nje na kazi yake ni kubwekea wezi. Mama mkwe akija kukaa miezi sita akamkuta mbwa jikoni, utaeleza nini? Ongeeni mapema: atalala wapi, nani atampeleka nje alfajiri, chumba kipi haingii.

Kwa ndugu Waislamu swali hili ni zito zaidi, na ninaulizwa sana. Mbwa wa mawindo ana nafasi yake: Sura ya al-Maida, aya ya 4, inazungumzia kile kinachokamatwa na wanyama mliowafundisha kuwinda. Lakini watu wa pwani yetu wengi ni Mashafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Familia ninazozijua zimempa mbwa chumba chake kando ya mlango wa nyuma, na nguo za porini hazivuki hapo. Yanayobaki ni ya shekhe wako, si yangu.

Hatua ya 3: Amua ndege na mahali

Fezanti kwenye nyasi ndefu na mafunjo ndiyo kazi ya spanieli hasa. Grausi, ndege wa jamii ya fezanti wa misitu ya kaskazini, pia, na hapo mbwa mdogo anayepita chini ya matawi ana faida. Bata wa Novemba ni habari nyingine: maji yanakaribia kuganda, na spanieli mdogo akikaa ndani yake muda mrefu atatetemeka mpaka meno yagongane. Kama bata ndio shabaha yako kuu, tafuta mbwa wa maji na usome mwongozo mwingine. Vivyo hivyo kama unataka kuwinda kwenye tambarare pana ambako ndege wametawanyika sana. Huko mbwa wa kusimama anakufaa zaidi.

Hatua ya 4: Punguza majina

*Springer wa Kiingereza.* Kilo 18 hadi 23, urefu wa mabega sentimita 48 hadi 51. Anaweza karibu kila kitu: fezanti, grausi, bata wa mwanzo wa msimu. Ana nguvu ya kuvunja nyasi nzito na mwili wa kustahimili mchezo wa watoto. Ukinilazimisha nikuchagulie bila kujua lolote kuhusu wewe, nitakupa huyu.

*Cocker wa Kiingereza.* Jina lake linatokana na ndege mmoja wa msituni mwenye mdomo mrefu, kwa Kiingereza woodcock, aliyekuwa akimwinda. Kilo 12 hadi 15. Anatosha kwenye nyumba ndogo, na ndani ya gari anajikunja kama paka. Usidanganywe na udogo. Huyu ni fundi, na ana ujanja wa kupita kiasi. Atajua siku ya pili nani ndani ya nyumba anatoa nyama chini ya meza. Kwenye mafunjo mazito na theluji anachoka kabla ya Springer.

*Boykin.* Mzaliwa wa South Carolina, ambako ndiye mbwa rasmi wa jimbo tangu 1985. Rangi ya kahawia yote, kilo 11 hadi 18. Alikuzwa kwa ajili ya mitumbwi midogo ya Mto Wateree, kwa hiyo anapenda maji na hachukui nafasi. Mpole sana kwa watoto. Nawaambia ndugu walioko Carolina na Georgia wamwangalie kwanza huyu kabla ya kusafiri kutafuta mwingine.

*Springer wa Wales.* Mwekundu na mweupe, mtulivu kuliko binamu yake wa Kiingereza, mpenda watu wake na mwenye haya kwa wageni. Nyumba yenye wageni kila wikendi inaweza kumchosha. Ni wachache, utasubiri.

*Clumber* ni mzito, hadi kilo 38, anatembea kama mzee anayekwenda sokoni. Mwindaji mwenye magoti mabovu atampenda. Anakoroma na kudondosha mate.

*Cocker wa Kimarekani* na *Cavalier*: wazuri wa sura, wazuri wa kukaa nao. Kwa mawindo, waache. Najua mtu mmoja atasema wa kwake anawinda. Sawa, na mimi namjua mbuzi anayepanda mti.

Nikuambie kwa nini nina uchungu. Mbwa wangu wa kwanza hapa nilimnunua kwenye maegesho ya duka, kutoka kwa mtu aliyeniapia kwamba ni "spanieli halisi wa kuwinda, ana karatasi". Alikuwa Cocker wa Kimarekani, manyoya yamefika chini kama kanzu ya bwana harusi. Siku yetu ya kwanza porini alikusanya mbegu za miiba mwilini mpaka akashindwa kutembea. Nilimchana kwa muda wa saa tatu, naye analia. Sasa anaishi na bibi mmoja jirani yetu na anakula vizuri kuliko mimi.

Hatua ya 5: Tenganisha damu ya kazi na damu ya maonyesho

Ukisoma hatua moja tu, iwe hii. Springer wawili wanaweza kuwa na jina moja, cheti cha chama kimoja, na wasifanane kwa lolote. Kwa miongo mingi wafugaji waligawanyika: wengine walizalisha mbwa wa kushinda jukwaani kwa umbo na manyoya, wengine mbwa wa kushinda porini kwa pua na moyo. Wa maonyesho ni mzito zaidi, masikio marefu na ya chini, manyoya mengi, mara nyingi mtulivu. Wa kazi ni mwembamba, masikio mafupi kidogo, manyoya machache, na ndani yake kuna injini isiyozimika. Cocker wa Kiingereza nao wamegawanyika hivyohivyo. Boykin hawakufika huko.

Kwa hiyo ukiuliza "Springer ni mtulivu?", swali lako halina jibu. Uliza: Springer wa ukoo gani?

Soma cheti cha ukoo. Vyeo vinaandikwa kando ya majina ya wazazi, babu na bibi. Ukiona FC, huyo ni bingwa wa mashindano ya porini. JH, SH na MH ni madaraja ya mtihani wa mawindo, la chini, la kati na la juu. CH peke yake ni bingwa wa jukwaani. Cheti chenye CH kila mahali na hakuna herufi nyingine hata kwa babu wa babu hakikuahidi chochote porini. Na cheti chenyewe hakithibitishi ubora; kinathibitisha tu nani alimzaa nani.

Sasa kosa la upande wa pili, ambalo vijana wetu wanalifanya zaidi. Wanasikia "damu ya kazi" halafu wanatafuta damu kali kuliko zote, FC kwa FC. Mtoto wa wazazi hao ni kama kijana wa mbio za marathoni: umfungie sebuleni kwa muda wa saa kumi ukiwa kazini, atakula mlango. Familia yenye siku 8 za mawindo itafute wazazi wa kazi wa kiasi: wenye JH au SH, au wasio na cheo lakini wanawinda kila msimu na jioni wanalala chini ya miguu ya watoto wa mfugaji. Mbwa anayejua kuzima ni adimu kuliko mbwa anayejua kuwaka.

Hatua ya 6: Dai vipimo vya afya

"Daktari alimwangalia, yuko sawa" si kipimo. Unataka matokeo ya nyonga na macho ya wazazi wote wawili. Nyonga husajiliwa na taasisi ya OFA iliyoko Missouri, na kanzidata yao iko wazi mtandaoni: andika jina kamili la mbwa kama lilivyo kwenye cheti, utayaona mwenyewe. Cheti cha mwisho cha nyonga hakitolewi kabla mbwa hajatimiza miezi 24, kwa hiyo mama wa miezi 15 anayezaa tayari anakuambia kitu kuhusu mfugaji.

Vipo pia vipimo vya vinasaba. Kwa Springer uliza upofu wa kurithi na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa PFK, ambao humlegeza mbwa akifanya kazi kwa nguvu. Kwa Cocker uliza upofu na ugonjwa wa figo wa kurithi. Kwa Boykin uliza kuanguka kwa miguu ya nyuma baada ya mazoezi makali, na uzitazame nyonga kwa makini zaidi. Mbeba kinasaba si mgonjwa. Tatizo ni kuzalisha wabebaji wawili pamoja.

Hatua ya 7: Nenda ukawaone wazazi

Usinunue kwa picha. Usitume fedha kwa mtu ambaye hujaona uwanja wake. Matapeli wa mbwa ni wengi na wanajua kutumia picha nzuri.

Ukifika, mwombe mfugaji atoe mama nje kwenye nyasi. Je, anafuata upepo kwa pua? Anaitikia kipenga? Halafu muingie ndani wote, mketi, mnywe kahawa. Mtazame mama anafanya nini baada ya dakika ishirini. Akilala, vizuri. Akiendelea kuzunguka meza kama saa ya ukutani, nenda nyumbani ukafikirie. Peleka na watoto wako, hasa yule mwenye kelele. Uliza waziwazi kama kuna yeyote kwenye ukoo huo anayelinda chakula au aliyewahi kuuma. Mfugaji mzuri naye atakuhoji maswali mengi. Ukimwona haulizi chochote zaidi ya njia ya kulipa, ondoka.

Hatua ya 8: Chagua mtoto

Wachukuliwe wakiwa na wiki 7 au 8. Msimwonee huruma yule aliyejificha kona, wala msimchukue yule anayewakanyaga wote. Chukua wa katikati, anayekuja, ananusa, anaondoka kuchunguza, anarudi. Dume au jike? Nimekaa na wote; tofauti ya ukoo ni kubwa kuliko tofauti hiyo. Rangi iwe jambo la mwisho kabisa, ingawa najua binti yako ameshaamua.

Kama hamna muda wa kulea mtoto wa mbwa, ulizia mbwa wa mwaka mmoja au miwili aliyekwishaanzishwa. Bei ni kubwa, lakini unaona unachonunua.

Hatua ya 9: Miezi sita ya kwanza

Kipenga na amri ya kukaa. Wenye spanieli husema "hap", nayo inasikika vizuri hata kwa lafudhi yetu. Mchezo wa kuokota, mara tatu nne kisha mwache bado anataka. Bawa la ndege lililofungwa kwenye kamba. Kisha njiwa hai.

Mlio wa bunduki unakuja mwisho, tena kwa adabu. Mbwa awe tayari ana wazimu wa ndege, awe anamfukuza ndege wakati huo, na mwenzako afyatue kitu chenye mlio mdogo akiwa mbali, kama mita 100. Asipojali, siku nyingine sogeeni. Usimpeleke kwenye kiwanja cha shabaha "azoee". Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kuharibu mbwa wa dola 1,500.

Mambo yakienda kombo

*Anaogopa mlio.* Acha bunduki miezi kadhaa. Rudi kwa ndege watupu, furaha tupu, kisha anza upya kutoka mbali kabisa. Akiendelea kutetemeka, tafuta mkufunzi wa spanieli, si rafiki mwenye ushauri.

*Anakimbia mbali na kurusha ndege kule.* Mara nyingi umemfungulia mapema. Rudi kwenye uwanja mdogo, mfundishe kugeuka kwa kipenga, na wewe mwenyewe tembea kwa zigizaga ili akufuate.

*Anatafuna ndege.* Uliwahi kumnyang'anya? Acha kuvutana naye. Akuletee, umsifu kwanza akiwa bado amebeba, kisha upokee.

*Masikio yananuka na anayakuna.* Masikio yaliyolala hufungia unyevu. Yakaushe kila akitoka majini, punguza nywele za ndani. Harufu ikibaki, daktari.

*Anatikisa kichwa au analamba unyayo mmoja baada ya mawindo.* Tafuta mbegu ya nyasi yenye mwiba. Ikishaingia ndani hairudi nyuma, inazidi kusafiri mwilini, kwa hiyo usisubiri Jumatatu. Kagua pia kupe. Huku kwetu wana ugonjwa wa Lyme.

*Hatulii nyumbani.* Kabla ya kulaumu ukoo, hesabu dakika alizokimbia leo. Kisha mpe kazi ya pua: ficha mpira uani, atafute. Dakika 15 za kunusa zinaweza kumchosha kuliko matembezi marefu ya kamba.

*Anamnguruma mtoto akiwa anakula.* Usimpige, ataacha kunguruma na siku moja atauma bila onyo. Alishwe mahali mtoto hafiki, na mtafute mtaalamu wiki hiyohiyo.

*Fataki za tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani.* Jioni hiyo mapema mpeleke chumba cha chini, funga madirisha, washa feni na redio, mmoja wenu akae naye. Kwale, Springer wangu, hupitisha usiku huo bafuni akisikiliza taarabu, na Oktoba anaingia kwenye mafunjo kama kawaida.